Nina laki nne ya vyombo vya chakula cha mtoto, ninunue blenda?

Swali la dada huyu nalifupisha kidogo: "Naishi Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Binti yangu anafikisha miezi 6 mwisho wa mwezi huu na mimi narudi kazini mjini, mchana atabaki na yaya. Nimetenga shilingi laki nne za Uganda za vyombo vya kumpikia. Wifi yangu anasema ninunue ile mashine inachemsha na kusaga yenyewe, jirani anasema blenda kubwa, mama yangu kijijini anacheka tu anasema uma unatosha. Nina friji dogo la mlango mmoja, gesi ya mtungi mdogo na sigiri ya mkaa. Ninunue nini, na je blenda ni lazima?"

Dada, mama yako kijijini amekaribia sana ukweli kuliko wifi, lakini usimwambie wifi kwamba ni mimi nimesema. Blenda sio lazima. Kama hizo laki nne zingekuwa zangu ningeanza na presha kuka, ile sufuria ya presha ya kuweka juu ya moto, alafu kichungi kizuri cha waya, greta ya kukunia yenye matundu madogo, kisufuria kimoja cha stiili na mabakuli manne yenye mifuniko, na pesa itakayobaki ningeipeleka sokoni kununua mukene, yaani dagaa, na maini. Hilo ndo jibu kwa ufupi, sasa ngoja nieleze manake najua ukirudi nyumbani na sufuria badala ya mashine kuna mtu atakuuliza kama pesa imeisha.

Tatizo la kwanza la blenda ni maji. Ukiweka matooke, zile ndizi za kupika, na maharage kidogo ndani ya jagi kubwa la lita moja na nusu, visu vinazunguka hewani, chakula kinapanda ukutani na kubaki hapo, unazima, unasukuma na kijiko, unawasha tena, mwisho unachoka unaongeza maji nusu kikombe na hapo ndo inaanza kusaga vizuri. Kila mtu anafanya hivo, hata mimi nimefanya. Kinachotoka ni laini sana, kinapendeza, lakini ni supu. Na tumbo la mtoto ni dogo, tunakadiria mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 7 anajaa kwenye mililita 210 hivi, ambayo haifiki hata nusu ya kikombe cha tumpeco cha nusu lita. Akijazwa maji ameshiba kwa dakika ishirini na hajapata kitu. Kliniki naletewa watoto wa miezi 9 hawaongezeki uzito, mama analia kwamba anakula vizuri mara tatu kwa siku, nikimwomba aniletee kile chakula kwenye bakuli naona kinamiminika kama chai ya maziwa.

Kwa hiyo kipimo chako sio ulaini, kipimo ni kijiko. Chota, inamisha kijiko pembeni. Kikibaki juu ya kijiko au kikidondoka polepole kwa bonge, ni sawa. Kikitiririka, rudisha upondee kiazi kingine ndani. Siku za kwanza atakula vijiko viwili vitatu tu, usiogope, bado ananyonya na ataendelea kunyonya mpaka miaka 2 na kuendelea. Unaongeza taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo, mara mbili mpaka tatu kwa siku, na akifika miezi 9 milo inakuwa mitatu au minne na kitu kidogo cha kutafuna katikati.

Alafu hesabu muda. Chakula laini kabisa mtoto anakihitaji kama miezi miwili tu. Kufikia miezi 8 anatakiwa kula kilichopondwa kwa uma chenye vibonge vidogo, miezi 9 anashika kipande cha parachichi mwenyewe, mwaka mmoja anakula mnachokula nyumbani, umekatakata tu. Kuna watoto walifuatiliwa kwa miaka mingi kule Bristol, Uingereza, na ikaonekana wale waliocheleweshewa vibonge kupita miezi 9 au 10 ndo waliosumbua kula baadaye kuliko wenzao. Ukiwa na mashine ya pesa nyingi mezani utataka ifanye kazi, utaendelea kumsagia mpaka ana mwaka na nusu. Nimeona mtoto wa miaka miwili anatapika akikutana na punje ya wali. Hakuwa na ugonjwa wowote, hakuwahi kutafuna tu.

Sasa jambo la pili, na hili ndo linaninyima usingizi kuliko maji. Kuna mama mmoja nilimtembelea nyumbani kwake, mtoto alikuwa ameharisha mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Nyumba safi, maji wanachemsha, yaya ananawa mikono na sabuni mbele yangu bila kuambiwa, nikaanza kujiuliza natafuta nini. Nikaomba kuona blenda. Ilikuwa inang'aa juu ya rafu, jagi limefunikwa na kitambaa cheupe. Nikaligeuza, nikazungusha kile kitako chenye visu, kilikuwa kimebana, tukatumia sarafu ya mia tano kusukuma ule mdomo mpaka kikalegea. Chini ya mpira, ule mduara mweupe wa kuzuia isivuje, kulikuwa na utando mweusi kijani, unateleza, na harufu ya pombe ya malwa ya siku tatu. Yaya akaziba pua. Mama akasema, lakini kila siku tunaiosha! Na kweli walikuwa wanaiosha, wanaweka maji na sabuni ndani wanawasha, wanamwaga, wanasuuza. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kitako kinafunguka. Kwa miezi yote hiyo kila chakula cha mtoto kilikuwa kinapita juu ya ule uchafu kikiwa bado cha vuguvugu.

Kwa hiyo sheria yangu ya kununua chombo chochote cha mtoto ni moja, kabla hujalipa mwambie muuzaji akifungue mbele yako mpaka mwisho. Akishindwa yeye, yaya wako atashindwa pia. Kila mahali ambapo kidole na brashi havifiki, maziwa na uji vitafika. Ndo maana mimi chupa za kunyonyea uji sizitaki kabisa, ile ya kukata titi la chupa tundu liwe kubwa uji upite ndo mbaya zaidi, badala yake mpe kijiko na kikombe cha mdomo wazi. Na ndo maana sina imani sana na ile mashine ya wifi. Inafanya kazi, siwezi kusema uongo, inachemsha kwa mvuke na kusaga kwenye kikombe kilekile. Lakini ina tangi dogo la maji ambalo humo ndani huoni, kikombe chake ni kidogo, na ikiharibika kipuri chake utakitafuta mpaka mtoto aanze shule. Hata hivyo haipiki maharage.

Kama tayari unayo blenda nyumbani usiitupe. Fungua kitako kila baada ya kutumia, toa mpira, osha na brashi kuukuu ya meno na maji moto ya sabuni, acha vikauke vimeachana, usiunganishe vikiwa na maji. Na viazi ulaya usivisage, wala matooke, wanga unavunjika unakuwa gundi ya kubandikia karatasi, mtoto akitema usimlaumu. Maharage, karoti, nyama na boga havina hiyo shida.

Na kama moyo wako bado unataka ya umeme, basi chukua blenda ya mkono, ile ya fimbo unayoizamisha ndani ya sufuria, yenye mguu wa stiili unaochomoka. Inasaga kidogo bila kuongeza maji na inaoshwa kwa dakika moja. Umeme wake usikutishe, ya wati 350 ukiiwasha dakika tano mara mbili kwa siku haimalizi hata nusu uniti ya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, kwa wiki. Kitu cha kuangalia ni maandishi madogo chini yake. Iwe 220 hadi 240V. Mimi mwenyewe miaka iliyopita nilinunua blenda nzuri sana ya mtumba, imetoka kwenye kontena la Marekani, nzito, kioo cha kweli, nikajiona mjanja kuliko wote. Nikaichomeka. Ikalia kama ndege inapaa, ikatoa moshi, ikanyamaza, yote hayo kwa sekunde nne. Nilikuja kusoma baadaye, 120V. Umeme wetu ni 240. Jagi lake bado ninalo, nimepanda kitunguu.

Haya, presha kuka. Kwa nini naisifia hivi? Kwa sababu shida ya chakula cha mtoto hapa Uganda sio kusaga, shida ni kuiva. Tuna maharage kila mahali, tuna kunde, tuna nyama ya ng'ombe hata ya robo kilo, lakini maharage kwenye sigiri yanakula saa mbili mpaka tatu, na tangu serikali ilipopiga marufuku biashara ya mkaa wa kaskazini mwaka 2023 kila mtu anajua bei ya gunia imefika wapi. Matokeo yake mama anampikia mtoto kitu cha haraka. Uji mtupu asubuhi, kiazi kitupu mchana, uji tena jioni. Kufikia miezi 6 ile akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaelekea kuisha na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuijaza, na uji mweupe ndo kabisa. Ukiwa na chombo kinachoivisha maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha kwa nusu saa, mpaka ukiyabana kati ya ulimi na kaakaa yanayeyuka, umemaliza kazi ya blenda. Kinachobaki unapitisha kwenye kichungi.

Loweka usiku, mwaga yale maji, weka mapya, usijaze sufuria zaidi ya nusu kwa sababu maharage yanatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Ikianza kupiga kelele punguza moto. Kwenye gesi ni rahisi, kwenye sigiri unatoa mkaa kidogo au unafunga kimlango cha chini. Ya lita 5 inatosha nyumba yako nzima, kwa sababu ujanja ni huu, maharage unapika ya wote bila chumvi, unachota ya mtoto kwanza, alafu ndo unatia chumvi, vitunguu na kila kitu cha wakubwa. Hakuna kupika mara mbili. Yaya lazima umfundishe wewe mwenyewe kwa mikono yako: mfuniko haufunguliwi mpaka mvuke umeisha na kile kipini kidogo cha juu ya mfuniko kimeshuka chenyewe, hata mtoto akilia, hata simu ikiita. Kama humwamini kwa hilo pika wewe jioni na usimwachie, sitakudanganya kwamba haina hatari. Kwa bei nilizokutana nazo mara ya mwisho Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla mjini, itakula kama laki moja na nusu au zaidi kidogo, chagua yenye mpira ambao vipuri vyake vinauzwa hapohapo dukani. Zipo za umeme pia, nzuri na salama zaidi, lakini bajeti yako itaishia hapo.

Kichungi ninachosema sio kile kidogo cha chai cha plastiki, ni cha waya wa stiili, upana kama sahani ya kikombe au zaidi, chenye mkono imara. Kiweke juu ya bakuli, tia vijiko vitatu vya maharage yaliyoiva sana, sukuma na mgongo wa kijiko kwa kuzungusha. Chini inadondoka krimu nzito bila tone la maji, juu yanabaki maganda. Dakika mbili. Maganda ndo yanayowafanya watoto wakohoe, blenda inayakata vipande lakini haiyatoi. Baada ya kutumia kigonge kwenye sinki, piga brashi kutoka upande wa nje kwenda ndani, ukiacha ikauke utajuta.

Greta ni siri yangu na watu hunicheka mpaka wajaribu. Chukua kipande cha ini la ng'ombe ukubwa wa kiberiti, chemsha mpaka ndani hakuna wekundu kabisa, acha lipoe, alafu likune kwenye yale matundu madogo kabisa. Linatoka unga, laini kama makombo ya keki, unauchanganya kwenye kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kilichopondwa na mtoto hajui kama amekula nyama. Mara moja kwa wiki inatosha kwa maini manake yana vitamini A nyingi sana, siku nyingine kuna nyama na samaki na yai. Nyama ya kawaida haikuniki vizuri ikiwa ya moto, iache ipoe kabisa.

Mukene nayo haihitaji mashine. Nunua ile iliyokaushwa juu ya nyavu au vichanja, inang'aa na haina mchanga, ile ya kuanikwa chini utaiosha mara saba na mchanga utabaki kwenye meno. Kaanga kavu kwenye sufuria bila mafuta mpaka ivunjike ukiibana, twanga kwenye kinu, chekecha, weka unga wake kwenye kopo kavu la kioo lenye mfuniko. Twanga ya wiki moja tu, ina mafuta na ikikaa inaanza kunuka. Kijiko kimoja cha chai ndani ya uji au matooke kila siku. Njugu (karanga) hivohivo, zitwange au zisagwe mpaka zilainike kabisa na zipikwe, usimpe nzima hata moja, na chambua wewe mwenyewe, yenye ukungu au iliyosinyaa au yenye rangi ya ajabu tupa, sumu ya ule ukungu haiishi kwa kukaanga wala kusaga. Hapo nataka kusema kitu kuhusu zile unga za mchanganyiko wa vitu kumi na mbili zinazouzwa za uji wa watoto, mahindi, soya, mtama, mukene, mchele, ndizi, vyote gunia moja. Huwezi kuona kilichooza humo na kila kimoja kinaiva kwa muda wake. Nunua unga mmoja, ongeza kitu kimoja nyumbani.

Kuhusu stima, zile sufuria za ghorofa tatu za umeme, okoa pesa. Nchi hii imepika kwa mvuke kabla ya umeme kufika. Mgongo wa jani la mgomba unaukatakata unaupanga chini ya sufuria, maji kidogo, jani juu, chakula ndani ya jani, umefunga. Wenzetu wa Mwanamugimu, kitengo cha lishe pale hospitali ya Mulago, wamefundisha kina mama kwa miaka mingi chakula kinachoitwa kitobero, na ukikifikiria ni vyombo vya bure kabisa. Unachukua matooke au kiazi, unaongeza maharage yaliyomenywa maganda au njugu iliyotwangwa, unaongeza mukene, nyama iliyokatwa ndogondogo au yai, unatia mboga ya majani kama dodo au nakati kidogo, unafunga ndani ya jani la mgomba ulilolipitisha juu ya moto kwanza lilegee lisipasuke, unaweka juu ya matooke ya familia na kinaiva pamoja nayo. Ukifungua unaponda hapohapo kwenye jani na uma, na supu yote imebaki ndani, hakuna vitamini iliyomwagwa na maji. Maharage yawe yamechemshwa kabla, kwenye jani peke yake hayaivi.

Ila jani liwe jani. Siku hizi mjini naona watu wanafunika matooke na posho (ugali) kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, juu ya moto kwa sababu inashika mvuke vizuri. Tafadhali dada, mwambie yaya mapema, plastiki yoyote na moto visikutane kwenye chakula cha huyu mtoto. Hiyo ni pamoja na kumimina uji unaochemka kwenye kikopo cha siagi. Ulaya walipiga marufuku kemikali ya BPA kwenye chupa za watoto tangu 2011 lakini kikopo cha sokoni hakikuambii kimetengenezwa na nini. Ukilazimika plastiki tafuta namba 5 ndani ya pembetatu chini yake, na hata hiyo iwe ya kuhifadhia kilichopoa tu.

Kisufuria cha kupashia kiwe cha stiili, lita moja, chenye kitako kizito na mfuniko. Hizi za kusubu, zile nzito za kijivu zinazomwagwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, mimi mwenyewe nilikulia kwazo na posho lake ni tamu, lakini humo kunaweza kuyeyushwa chochote hadi vipande vya betri na injini, na vipimo vya sufuria za aina hiyo kutoka Kamerun vilionyesha madini ya risasi yanaweza kutoka humo na kuingia kwenye chakula, hasa chenye uchachu kama nyanya. Watu wazima sijui nitawaambia nini. Mtoto wa miezi 6 mnunulie chake.

Friji sasa, hapa ndo watu wanadanganywa na mitandao, unaona mama wa Marekani anajaza vitrei ishirini vya barafu na chakula cha mwezi. Fungua kile kichumba cha juu cha friji lako uangalie mlangoni kama kuna alama za nyota. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, chakula kinakaa wiki. Mbili ni 12 chini ya sifuri, mwezi. Tatu ni 18, miezi mitatu. Friji nyingi ndogo za mlango mmoja zina moja au hazina kabisa, isiyo na nyota ni ya kutengenezea barafu ya soda, sio ya kuhifadhia ini la mtoto. Yako ikiwa na nyota, trei moja ndogo yenye mfuniko inatosha, krimu ya maharage ya siku tatu nne, basi. Umeme ukikatika usifungue mlango, sehemu ya chini inavumilia kama masaa manne ikiwa imefungwa, ukipita hapo kilichopikwa mtoto asile.

Siku zako za kazi zitakuwa hivi. Pika jioni au alfajiri, gawa kwenye mabakuli madogo, kila bakuli mlo mmoja, yatie ndani ya karai la maji baridi yapoe haraka, funika, friji. Yaya mchana anatoa bakuli moja, anamimina kwenye kisufuria, anapasha mpaka katikati panatoa mvuke, anapoza, analisha. Mabaki anakula yeye au kuku, hayarudi kwenye friji manake kijiko kimeshaingia mdomoni. Ndani ya friji siku mbili, sio zaidi. Mabakuli ya kioo kinene au stiili, manne, ndo maana nilisema manne.

Na lile flaski la uji unaloliona kila nyumba? Vijidudu vinazaliana kwa raha kati ya nyuzi 5 na 60. Flaski la bei rahisi asubuhi lina 85, saa sita mchana linaweza kuwa na 45, yaani umevitengenezea kitanda. Kama huamini jaribu Jumamosi, mimina maji yanayochemka saa moja asubuhi, saa saba mchana weka kidole. Kama unaweza kukiacha humo, uji haukai humo. Weka maji ya moto kwenye flaski, uji ukorogwe na kupikwa upya, ni dakika kumi na tano tu kwenye gesi.

Vingine ni vidogo. Vijiko viwili laini visivyo na ncha kali, kikombe cha wazi, bakuli lake peke yake ili ujue amekula kiasi gani, maana akichangia sahani na wakubwa hutajua. Kibao kimoja cha kukatia kinatosha ukikata mboga kwanza na nyama mwisho, kisha sabuni na maji moto. Vikaushe kwenye kichanja hewani, sio kwa kile kitambaa kinachofuta meza, mikono na mdomo wa mtoto.

Ukijumlisha hutamaliza laki nne. Kwa hesabu yangu utabaki na laki moja hivi. Nenda Jumamosi mapema kabla jua halijawa kali, nenda na yaya, mwache yeye ndo ashike sufuria na kuifungua na kuifunga pale dukani mara tano mbele ya muuzaji, hata akikunja uso. Na ukilipa omba mpira wa akiba wa hiyo presha kuka siku hiyohiyo, ukirudi baada ya mwaka watakuambia saizi hiyo haiji tena.